Cambiasso, mutu aliyejua fasi yake

Tarehe 18 Desemba 2010, jioni, Lubumbashi yote ilikuwa mbele ya televizyo. Kule Abu Dhabi, Tout Puissant Mazembe ilikuwa inacheza finali ya Kombe la Dunia la vilabu na Inter ya Milano. Hakuna ekipe ingine ya Afrika iliyokuwa imefika pale. Pachuca ya Mexiko ilikuwa imekwisha kuanguka 1-0, Internacional ya Brazili 2-0, na golikipa wetu Kidiaba alikuwa amerukaruka na matako mu majani mpaka dunia yote ikajua jina lake.

Kisha Inter ikakuja. Dakika ya 13, Pandev. Dakika ya 17, Eto'o. Dakika ya 85, Biabiany. 3-0, mambo ikaisha.

Ukiuliza leo mu kartie ni nani walicheza upande wa Inter ile siku, watu watakutajia Eto'o kwanza, kwa sababu ni ndugu yetu wa Kameruni. Watamutaja Milito, Zanetti, Maicon, Lúcio, na golikipa Júlio César. Pengine muzee mumoja anayependa sana mupira ataongeza: « Na yule wa kipara, je? »

Yule wa kipara anaitwa Esteban Cambiasso. Alivaa numero 19 mugongoni, na alisimama katikati ya tereni pamoja na Zanetti na Thiago Motta. Hakufunga goli ile siku. Lakini kila mara kunguru wa Lubumbashi walipotafuta njia ya kupita katikati, fasi ilikuwa imekwisha kufungwa. Watu wetu walimuona na macho, ila wengi hawakumuangalia. Leo tuzungumze juu yake, sababu maisha yake mu mupira yanatufundisha kitu ambacho magoli hayafundishi.

Mutoto wa Buenos Aires

Cambiasso alizaliwa Buenos Aires tarehe 18 Agosti 1980. Alianza mu shule ya mupira ya Argentinos Juniors, klabu ndogo ya muji ule, lakini yenye jina kubwa: njo ile iliyomutoa Maradona, na nyuma yake Redondo na Riquelme. Mu mwaka wa 1996, mbele ya kucheza hata mechi moja ya wakubwa kwao, Real Madrid ilimuchukua pamoja na ndugu yake Nicolás, aliyekuwa golikipa. Walipelekwa mu ekipe za vijana za klabu.

Mwaka uliofuata, Argentina ilimuita mu ekipe ya vijana iliyoenda Malezia kwa Kombe la Dunia la walio chini ya miaka 20. Kocha alikuwa José Pékerman. Mu ekipe ile mulikuwa Riquelme na Pablo Aimar, vijana wawili wenye miguu ya ajabu. Tarehe 5 Julai 1997, finali ilikuwa na Uruguay. Uruguay ilifunga kwanza. Mwenye kurudisha goli alikuwa Cambiasso, na Argentina ikashinda 2-1. Alikuwa bado na miaka 16.

Hapa tueleze jambo moja. Mu Argentina, muchezaji wa katikati anayesimama mbele ya walinzi wa nyuma wanamuita « cinco », maana yake tano, kwa sababu ya numero ya zamani ya fasi ile. Ni yeye anayekata mupira wa adui, ni yeye anayeanzisha mashambulizi, na ni yeye anayeziba shimo kama mwenzake amepanda mbele. Ni kazi kama ya mulinzi wa usiku. Kama analinda muzuri, asubuhi hakuna habari. Na kama hakuna habari, hakuna mutu anayemushukuru.

Madrid haikuwa na haraka naye. Mu 1998 ilimurudisha Argentina kwa mukopo, ku Independiente, akacheza pale misimu tatu. Mu 2001 akaenda River Plate, na mu 2002 akabeba shampiona ya Clausura. Ile njo shule yake ya kweli: tereni za Argentina, ambako mutu anakupiga ku muguu mbele, kisha anakusalimia.

Mu muji wa nyota

Mu 2002, Real Madrid ikamuita arudi. Ilikuwa wakati wa wale walioitwa « galácticos »: Zidane, Figo, Raúl, Roberto Carlos, kisha Ronaldo wa Brazili. Cambiasso alipata vikombe, pamoja na shampiona ya Hispania ya 2003. Lakini mu nyumba yenye wakubwa wengi, kijana wa miaka 22 anakaa karibu na mulango.

Mu kikosi kile mulikuwa mutu mwingine wa kazi yake, na huyu sisi Wakongomani tunamujua muzuri: Claude Makélélé, aliyezaliwa Kinshasa mu 1973 na kukomalia Ufaransa. Makélélé alikuwa anakimbia kwa ajili ya wote. Mu 2003 aliomba mushahara uongezwe. Wakubwa wa klabu wakakataa, akaenda Chelsea. Wakati uleule Madrid ilikuwa imenunua David Beckham, muchezaji muzuri sana, lakini si mutu wa kulinda mulango.

Mbele ya macho ya wote, fasi ya Makélélé ilikuwa wazi, na Cambiasso alikuwa palepale. Alicheza, ndiyo, lakini hawakumujengea ekipe. Musimu wa 2003-2004, Madrid iliyokuwa mbele ya shampiona ilipoteza mechi zake tano za mwisho na kumaliza ya nne. Mu kiangazi cha 2004 kontra ya Cambiasso ikaisha. Akaenda Inter bure. Madrid haikupata hata euro moja.

Kwa mwaka mumoja tu, klabu kubwa kuliko zote ilikuwa imeachilia wachezaji wawili wa kazi ileile. Tuhesabu matokeo. Kuanzia 2005 mpaka 2010, misimu sita mufululizo, Real Madrid ilitolewa mu Ligi ya Mabingwa ku hatua ya ekipe 16. Siwezi kusema ni kwa sababu ya hawa wawili peke yao. Lakini nyumba haidumu kwa madirisha mazuri.

Wiki mbili za Ujerumani

Mwaka wa 2006, Kombe la Dunia liko Ujerumani. Kocha wa Argentina ni uleule Pékerman aliyemujua tangu utoto. Tarehe 16 Juni, ku Gelsenkirchen, Argentina inacheza na Serbia na Montenegro. Cambiasso anaanza ku banki. Dakika ya 17 Lucho González anaumia, yeye anaingia.

Dakika ya 31 inakuja goli ambalo mpaka leo makocha wanalionyesha vijana. Mupira unapita kutoka muguu mpaka muguu, pasi zaidi ya 20, kushoto, kulia, nyuma, tena mbele, bila Mserbia hata mumoja kuugusa. Mwisho Crespo anaurudisha na kisigino, na nani anafika? Cambiasso, na muguu wa kushoto, anapiga ndani. Alikuwa ametembea pamoja na ile pasi ndefu kama mutu anayesindikiza mugeni mpaka ku mulango. Argentina ilishinda 6-0.

Wiki mbili kamili kisha, tarehe 30 Juni, ku Berlin, robo-finali na Ujerumani wenyewe. Ayala alifunga, Argentina ikawa mbele. Dakika ya 72 Pékerman akamutoa Riquelme, akamuingiza Cambiasso, ili kulinda kile kilichopatikana. Dakika ya 80 Klose akarudisha. 1-1, kisha penalti.

Kila mupenda mupira anajua habari ya karatasi ya Jens Lehmann. Golikipa wa Ujerumani alikuwa na kipande cha karatasi mu soksi, kimeandikwa majina ya Waargentina na upande ambao kila mumoja anapenda kupiga. Alizuia penalti ya Ayala. Kisha Cambiasso akasogea. Akikosa, Argentina inarudi nyumbani.

Jina la Cambiasso halikuwa ku ile karatasi. Wajerumani waliandika majina saba, ya Riquelme, ya Crespo, ya Messi na wengine, lakini huyu hawakumufikiria. Lehmann alitoa karatasi, akaiangalia kwa muda murefu, kama vile anasoma neno fulani. Kisha akaingia golini na kuzuia ile penalti. 4-2. Dunia iliona Cambiasso analia mu tereni.

Kipande kile cha karatasi kikauzwa mu munada wa kusaidia watoto kwa euro milioni 1, na kikawekwa mu makumbusho ya historia ku Bonn. Yaani mutu ambaye jina lake halikuandikwa, njo aliyekifanya kiwe kitu cha makumbusho.

Penalti kama ile imevunja wachezaji wengi. Wengine walibaki nayo mu kichwa mpaka mwisho. Cambiasso alirudi Milano kufanya kazi.

Milano, miaka kumi

Wakati alipofika Inter mu 2004, klabu ile ilikuwa na pesa nyingi na bahati kidogo. Haikuwa imeshinda shampiona tangu 1989. Mu 2005 ilibeba Kombe la Italia. Shampiona ya 2006 ilipewa ofisini, kisha Juventus kunyanganywa kwa sababu ya mambo ya waamuzi, na watu wakacheka: kikombe cha karatasi! Basi musimu uliofuata Inter ikajibu mu tereni: pointi 97 na ushindi 17 mufululizo. Shampiona zikawa tano, mwaka kwa mwaka, mpaka 2010.

Makocha walibadilika, Mancini akaenda, Mourinho akakuja mu 2008. Wachezaji walinunuliwa na kuuzwa. Cambiasso alibaki. Hakuwa na mbio. Hakuwa na nguvu ya Mwafrika Vieira, ambaye alicheza naye pale. Alichokuwa nacho ni kuona mbele: alikuwa anajua mupira utaangukia wapi mbele haujaanguka, na wakati wengine walikuwa wanakimbilia mupira, yeye alikuwa anatembea kwenda fasi ambayo mupira utakuja. Ndiyo maana hakuonekana kuchoka, na ndiyo maana mutu anayefuata mupira tu na macho hakumuona.

Mwaka wa 2010 ukafika. Mu Ligi ya Mabingwa, Inter ilipokea Chelsea tarehe 24 Februari. Milito alifunga, Chelsea ikarudisha, na Cambiasso akapiga goli la pili: 2-1. Kisha Barcelona, ekipe iliyoogopwa na dunia yote wakati ule. Inter ilishinda 3-1 nyumbani. Ku Barcelona, Thiago Motta akapewa kadi nyekundu dakika ya 28. Watu kumi, saa moja na zaidi, mbele ya Messi na Xavi. Inter ilifungwa goli moja tu, na ikapita. Mechi kama ile haishindwi wala haipatwi na nyota. Inapatwa na watu wanaojua kusimama.

Finali ilikuwa tarehe 22 Mei 2010, na tazama Mungu anavyopanga: ilichezwa Santiago Bernabéu, ku Madrid, mu nyumba ileile iliyomuacha aende bure. Thiago Motta hakuwa na ruhusa ya kucheza kwa sababu ya ile kadi. Katikati ya tereni Mourinho aliweka watu wawili tu wa kulinda, wote Waargentina: Zanetti na Cambiasso. Milito alifunga mara mbili, Bayern ya Munich ikaanguka 2-0. Inter ilikuwa imekwisha kubeba Kombe la Italia na shampiona. Vikombe vitatu mu musimu mumoja: hakuna klabu ya Italia iliyokuwa imefanya vile.

Kisha filimbi, Cambiasso alivaa jezi ya zamani yenye numero 3, ya Giacinto Facchetti, mulinzi mukubwa wa Inter ya zamani na prezida wa klabu mpaka kifo chake mu 2006. Siku ambayo kila muchezaji anataka kupigwa picha na jina lake, yeye alibeba jina la mwingine.

Mulango wa Maradona

Sasa sikiliza jambo la kuumiza. Mwezi uleule wa Mei, Maradona, kocha wa Argentina, alitoa majina ya watu wa kwenda Kombe la Dunia ku Afrika ya Kusini. Milito yumo. Samuel, mulinzi wa Inter, yumo. Zanetti hayumo. Cambiasso hayumo.

Wale wawili walioshika katikati ya finali kubwa ya Ulaya, inchi yao haikuwataka. Cambiasso alikuwa na miaka 29, umri ambao muchezaji wa katikati ameiva. Argentina ilienda na Messi, Tévez, Higuaín, moto mutupu mbele. Tarehe 3 Julai, ku Cape Town, Ujerumani iliipiga 4-0, na mara nyingi Wajerumani walipita palepale katikati, kama vile ku njia isiyokuwa na bariyeri.

Hakucheza tena Kombe la Dunia. Mechi zake za taifa ni 52. Mu Kombe la Dunia, wengi wanamukumbuka kwa lile goli la Gelsenkirchen na kwa ile penalti ya Berlin.

Miezi mitano kisha Cape Town, alikuwa Abu Dhabi, mbele ya Mazembe. Mu Inter ile ndugu zetu walikutana na Eto'o na Pandev, sawa. Lakini walikutana pia na mutu aliyeachwa na Madrid, aliyezuiwa na Lehmann, aliyesahauliwa na Maradona, na ambaye bado alikuwa anajua kila shimo la tereni liko wapi. Hakuna aibu ya kufungwa na ekipe kama ile.

Leicester na mwisho

Mu 2014 Inter haikuongeza kontra yake. Miaka kumi, mechi zaidi ya 400, vikombe 15. Kiangazi kile Zanetti aliacha mupira, Milito akarudi Argentina, Samuel akaenda Uswisi. Kizazi kizima kilifunga mulango.

Watu wengi wa umri wake wanaenda kutafuta makuta ku Warabu ao Marekani. Cambiasso, miaka 34, alikubali Leicester, klabu ndogo ya Uingereza iliyotoka kupanda daraja. Mu Septemba alifunga goli la kusawazisha 3-3 mbele ya Manchester United, na Leicester ikashinda 5-3. Kisha mambo ikaharibika. Klabu ilikaa siku 140 ku fasi ya mwisho. Ku Noeli walikuwa wa mwisho, na wote walisema wanashuka.

Tarehe 4 Aprili 2015 walicheza na West Ham, Cambiasso akafungua magoli, wakashinda 2-1. Kutoka pale walishinda mechi saba ku tisa za mwisho, na wakamaliza ya 14. Wapenzi wa Leicester walimuchagua muchezaji wa musimu. Mutu aliyebeba Ligi ya Mabingwa alipigania kutokushuka na moyo uleule.

Klabu ilitaka abaki. Akakataa, akaenda Olympiacos ya Ugiriki, na pale akabeba shampiona mbili. Leicester ilimuleta N'Golo Kanté kutoka Ufaransa, mutu mwingine wa kukata mupira, na mu 2016 ikawa bingwa wa Uingereza. Cambiasso alikosa sherehe ile kwa mwaka mumoja. Aliacha kucheza mu 2017. Mwaka uliofuata, ku Urusi, alikuwa ku banki ya Kolombia, musaidizi wa muzee Pékerman, yuleyule wa Malezia na wa Berlin.

Kwa wale wa numero 10

Pita jumapili ku tereni yoyote ya vumbi, Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi. Batoto yote banataka numero 10. Wengine wanataka 9. Yule anayepewa 6 ananuna, anaona amedharauliwa, na kisha dakika kumi anaacha fasi yake na kukimbilia mbele kutafuta goli. Wazazi ku pembeni wanamupigia makofi. Kocha anashika kichwa, kwa sababu ameona shimo lililobaki nyuma.

Kwa yule mutoto wa numero 6, habari ya Cambiasso ni hii: Madrid ilimuachilia bure, Wajerumani hawakumuandika, Maradona hakumuita, lakini vikombe vingi vilimufuata.

Mechi ya Mazembe na Inter bado iko, unaweza kuipata ku telefoni. Tunajua inauma. Lakini iangalie tena, na kwa dakika tano tu usifuate mupira. Fuata yule wa kipara, numero 19. Utaona ni wapi mupira wa Mazembe ulikuwa unapotelea.